Homa ya Uso Mweupe

Sikieni, na msiniulize nchi gani. Nchi yenyewe ina sheria kwamba anayetaja jina lake lazima asimame wima, mkono kifuani, na mimi nimekwisha kuketi, magoti yananiuma. Tuiite Nchi Hiyo, yatosha. Wenyewe watajijua.

Katika Nchi Hiyo raia haugui. Si mzaha, imeandikwa kwenye katiba, mwanzoni kabisa, kabla hata ya rangi za bendera: "Kila raia ana afya njema." Sasa mtauliza, na wale wanaokohoa je? Maana watu wa mji mkuu walikuwa wakikohoa kweli, asubuhi na jioni, tangu shemeji yake Waziri wa Afya ajenge kiwanda cha saruji upande ule unakotoka upepo. Bunge likakaa, likala vitafunio, likaona kwamba kwa kuwa raia haugui, basi kikohozi hicho si chake. Kaletewa. Tangu siku hiyo mtu akienda zahanati kifua kimembana, mganga hamuulizi kimeanza lini. Anamuuliza, "Ulipeana mkono na mgeni yupi?" Akijibu kwamba hajapeana mkono na mgeni yeyote, anaambiwa arudi nyumbani akakumbuke vizuri.

Na wageni walikuwapo. Walivuka mto vita vilipowaka ng'ambo, wakaingia wazima, watoto mgongoni na vyungu kichwani, maana mgonjwa haumalizi mwendo ule. Wakawekwa kwenye kambi bondeni, nyuma ya kiwanda, mahali ambapo hata mbuzi wa serikali walishindikana kufugwa. Wakaugua wakiwa humo humo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wizara ikaona methali hiyo imepitwa na wakati, ikairekebisha rasmi na kuibandika kila mpaka: "Mgeni asije, mwenyeji asiugue." Watoto wa shule wakaifanyia mtihani, na aliyeandika ile ya zamani akarudia darasa.

Gazeti kubwa la nchi liliitwa Kioo cha Umma, na lilikuwa na televisheni yake na redio yake, zote za jina hilo. Habari za wakimbizi zilikuwa na madawati mawili. Dawati la Huruma lilitaka mkimbizi aliyelala, mwenye nzi usoni. Dawati la Hofu lilitaka mkimbizi anayekohoa, ikiwezekana karibu na kisima. Mkimbizi aliyesimama tu, mzima, anaosha vyombo vyake huku akiwasengenya majirani, huyo hakuwa na dawati, na picha yake ilitupwa. Juma lipi liwe la Huruma na lipi la Hofu, hilo liliamuliwa na bei ya unga. Unga ukishuka wanahurumiwa, unga ukipanda wanaogopwa. Mwaka ule unga ulikuwa unapanda.

*

Kambini humo aliishi mjane mmoja, Bi Namweru, mkaanga mihogo. Alikuwa na binti mmoja tu, Kiheri, msichana wa miaka kumi na sita, mwenye mdomo wa kuwacheka watu wote kambini na moyo wenye tundu. Tundu la kweli, kazaliwa nalo. Akipanda kile kilima cha bombani hukaa chini njiani, midomo imegeuka rangi ya zambarau, na wanaompita huwaambia kwamba anahesabu sisimizi.

Basi Mungu akamkumbuka Namweru. Madaktari wa moyo kutoka nchi za mbali walikuwa wanakuja Hospitali Kuu, watakaa majuma machache, watawapasua watoto bure, kisha waende zao. Daktari Shempemba wa hospitali hiyo, mtu mpole aliyezungumza kama anayeomba radhi hata alipokuwa na habari njema, alimpima Kiheri akampa nafasi.

"Mlete Jumatatu, mama. Akipasuliwa sasa, huyu atazeeka, atakusumbua mpaka uchoke."

"Na akikosa?"

Daktari akavua miwani akaifuta. "Mlete tu, mama. Asikose."

Kwao Namweru, ng'ambo ya mto, mama akipata habari njema ya afya ya mwanawe huchota udongo mweupe wa mtoni, akajipaka uso mzima na mikono, akashinda nao mpaka jua litue, ili hata kiziwi aone kwamba nyumba hii imepata heri. Namweru alikuwa ameuweka udongo wake kwenye kopo miaka yote hiyo, hajapata pa kuutumia. Akajipaka, akampaka Kiheri, akapaka na mlango. Kiheri akasema sasa wamefanana na maandazi yanayongojea mafuta.

Siku hiyo hiyo akatokea Festo Lukindo, mwandishi wa Kioo cha Umma. Namweru alimjua. Alikuja zamani katika juma la Huruma, akampiga picha akipuliza jiko, gazeti likaandika "Mama alia kwa njaa," na kumbe ulikuwa moshi. Lakini alimletea sukari na sabuni, naye Namweru akalimeza. Tena Festo alikijua kilugha chao. Nyanya yake mzaa mama aliuvuka mto uleule enzi hizo, jambo ambalo Festo hakuthubutu kulitamka kazini wala kwa mkewe. Alimnong'oneza Namweru peke yake, na kwa hilo Namweru alimpenda kama wa tumboni mwake.

Sasa kaeni vizuri niwaeleze desturi nyingine ya watu hawa, maana ndiyo iliyowaponza. Kwao, mwenye nyumba akinywa maji kwa kata ya kuchotea mtungini, kisha akampa mgeni, na mgeni akayamaliza, basi hao ni ndugu. Ndugu wa kata hamsemi vibaya nduguye mbele za watu. Hata kama amemchoka. Hata kama analosema ni kweli. Kule kwao kuna wezi wa ng'ombe waliokufa uzeeni wakisifiwa, kwa sababu ya funda la maji waliyokunywa ujanani. Namweru akanywa, akampa Festo. Festo akagugumia mpaka chini, akafuta mdomo, akasema kwa kilugha, "Sasa mimi ni wako, mama."

"Nami ni wako. Piga picha, mwanangu. Waambie watu wa mjini Kiheri anapona."

"Nitawaambia."

Akapiga picha, Namweru anacheka mpaka fizi zinaonekana. Kabla hajaondoka Kiheri alimpaka Festo kidole cha udongo kwenye paji la uso, naye akauacha ukae mpaka langoni. Baada ya hapo aliufuta, lakini hilo hawakuliona.

*

Unga ukapanda. Asubuhi yake picha ya Namweru ikatoka ukurasa wa mbele, na juu yake maandishi manene: HOMA YA USO MWEUPE YAVUKA MTO. Chini ya picha: "Mgonjwa akitoa meno nje, dalili ya mwanzo." Na chini kabisa jina la mwandishi, Festo Lukindo.

Waziri wa Afya, Mheshimiwa Bazibukwa, akaita waandishi wote. Alikuwa mtu mnene wa maneno, akisema "asubuhi njema" hupigiwa makofi.

"Ndugu wananchi," akasema, "Serikali yenu haina ushahidi wowote wa ugonjwa huu, na hilo ndilo linalotunyima usingizi. Ugonjwa usioacha ushahidi ni ugonjwa uliojipanga. Wahenga, ambao ndio watafiti wetu wa kwanza, walisema lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Wizara yangu imefanya uchunguzi wa kina na kujiridhisha kwamba laja."

Makofi. Waandishi wakaandika "laja" wakaipigia mstari.

Wakaguzi wakamwagwa mitaani na vitambaa vibichi, kazi yao kufuta watu nyuso. Bibi harusi mmoja akakamatwa ukumbini na poda yake, na bwana harusi akawekwa chini ya uangalizi pamoja na keki. Waoka mikate wakafungiwa. Kikabaki kitendawili cha wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, ambao kila jioni walitoka kazini weupe kuanzia kope hadi soksi, wakikohoa kwa zamu. Kamati ya wataalamu ikakaa hotelini juma zima, ikatoa tamko kwamba weupe ule ni vumbi la kizalendo, na kwamba wapite bila kufutwa, mradi wapite wakiimba.

Lango la kambi likafungwa. Atakayetoka ni mgonjwa, na mgonjwa haruhusiwi kutoka. Mimi nasimulia tu.

*

Jirani yake Namweru, Sabuwa, fundi viatu aliyejua kusoma, ndiye aliyemletea gazeti. Namweru akaitazama picha yake kwa muda.

"Festo amekufa?" akauliza.

"Kwa nini afe?"

"Kuna mtu ametumia jina lake. Yeye hawezi. Alikunywa hapa."

Jumatatu ilipofika alimwosha Kiheri uso, akajiosha na yeye, akasugua mpaka ngozi ikawaka, wakaenda langoni.

"Afande, tuna miadi hospitali. Tazama, hakuna kitu. Ulikuwa udongo, tumenawa."

Askari akarudi nyuma hatua. "Mama, sisi tumepelekwa semina. Hatua ya kwanza, uso unakuwa mweupe. Hatua ya pili, weupe unatoka. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mgonjwa anafanana na mtu."

"Na ambaye hakujipaka kabisa?"

"Huyo yuko hatua ya tatu."

Wakiwa hapo langoni likasimama gari la televisheni, akashuka Festo na mpiga picha wake. Namweru akamwita. Festo akasogea kwenye waya peke yake, akazungumza kilugha, kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, nani amelitumia jina lako?"

Festo akatazama viatu. "Mimi niliandika vizuri, mama. Mhariri akageuza. Unajua mambo ya ofisini."

Hajui mambo ya ofisini, lakini akaamini. "Basi waambie sasa. Kamera hiyo hapo."

"Nikisema ni udongo wa heri wataniuliza nimejuaje. Wakishaniuliza hilo, wataniuliza kwetu wapi. Lakini njia ipo. Waliofungiwa ni wazima. Mgonjwa anachukuliwa na gari, anapelekwa mjini. Kohoeni, wewe na Kiheri, mbele ya kamera, kidogo tu. Mkifika huko Daktari Shempemba yupo. Nakuapia kwa kata."

Namweru hakupenda. Alikuwa mtu wa kumrudisha mteja aliyesahau chenji. Lakini Jumatatu ilikuwa inakwenda, na madaktari wa mbali hawakuja kuhamia.

"Mama, mimi naumwa kweli," Kiheri akasema. "Kwa nini niigize?"

"Kwa sababu ugonjwa wako hawautaki. Kohoa, mwanangu."

Basi Kiheri akakohoa. Nanyi mnamjua alivyo, hakufanya jambo kwa nusu. Akajiegemeza kwenye waya, akageuza macho, akayumba, mpaka mpiga picha akamwomba arudie bila kucheka. Akarudia. Taifa zima likamwona kwenye habari za jioni, na akina mama wa mji mkuu wakawaita watoto wao ndani.

Gari likaja kweli. Likawachukua, likaingia mjini, likafika mbele ya Hospitali Kuu. Namweru akainuka na furushi lake. Gari halikusimama. Lilivuka barabara, likaingia uwanja wa mpira.

*

Wizara haikuwa na dawa ya homa isiyokuwapo, kwa hiyo waliotengwa uwanjani walipewa dawa ya minyoo na nyimbo za kizalendo kwenye vipaza sauti. Walilala chini ya majukwaa. Kutoka hapo madirisha ya hospitali yalionekana, hata mapazia. Namweru akamkamata muuguzi aliyejifunika mpaka macho.

"Binti yangu ni wa moyo. Ana nafasi yake hapo mbele."

"Hapa ni homa, mama. Moyo ni ng'ambo ya barabara."

Daktari Shempemba akaja mwenyewe kwenye uzio, kofia mkononi. "Kitanda nimekishikilia, Bi Namweru. Nimeomba kibali cha kumvusha. Wizara wanasema mgonjwa wa homa haingii hospitali, ataambukiza wagonjwa."

"Hana homa, daktari. Wewe unajua."

"Najua, na nimewaambia. Wamenionyesha kwenye televisheni anavyokohoa." Alisema kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, na safari hii ilikuwa mahali pake.

Hata hapo Namweru alikuwa bado anamtetea Festo moyoni. Labda hakujua gari litapita. Labda anahangaika huko. Kesho yake nyimbo zikakatizwa kwenye vipaza sauti, redio ikamleta shujaa wa taifa, mwandishi aliyehatarisha maisha yake kuingia penye homa. Sauti ilikuwa ya Festo. Mtangazaji akamuuliza alijikingaje. "Nilikuwa mwangalifu sana," Festo akasema. "Wale watu wana tabia ya kumlazimisha mgeni kunywa maji kwenye chombo kimoja nao. Nilikataa. Nashukuru Mungu nilikataa."

Namweru akakaa chini kwenye saruji tupu. Alipofiwa na mume hakuumia hivi, na kulijua hilo kukamtia aibu. Mume aliuawa na adui, na adui kazi yake ni hiyo. Huyu alimpa maji kwa mkono wake. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, tena tunasema kwa mdomo mwepesi. Siku kinapokung'ata wewe, mdomo wenyewe unakauka. Hakulia. Alimfunika Kiheri miguu, akaanza kumsugua vidole, maana vilikuwa baridi.

Madaktari wa mbali walipoondoka, basi lao lilipita mbele ya uwanja. Walipunga mkono kwa heshima.

*

Siku ya kutangaza ushindi Mheshimiwa Bazibukwa alikuja uwanjani na kamera zote. Festo alikuwapo, mstari wa mbele. Kiheri alikuwa amelazwa kwenye kanga ya mama yake, kifua kinapanda na kushuka haraka, midomo ile ya zambarau sasa imekuwa ya kijivu. Akaziona kamera. Akamshika mama yake mkono.

"Mama, nikohoe tena?"

"Usikohoe. Pumzika, mwanangu."

"Nikikohoa vizuri labda watatuvusha."

Akajaribu. Pumzi haikutosha. Akajaribu tena, huku anamtazama mama yake usoni kuona kama amepatia.

"Nina furaha kulitangazia taifa," Waziri alikuwa akisema, "kwamba katika kipindi chote cha homa hii hajafa raia hata mmoja, wala hajaugua hata mmoja, jambo linalodhihirisha jinsi ilivyokuwa kali na jinsi tulivyoikabili." Makofi yakapigwa. Yalipokwisha, Kiheri alikuwa amekwisha kufa. Namweru aliendelea kumsugua vidole.

*

Unga ukashuka. Festo akapandishwa cheo, akahamishiwa Dawati la Huruma, na kazi yake ya kwanza ikawa kambini. Alimkuta Namweru kwenye jamvi la matanga na majirani. Alizungumza lugha ya serikali, kwa sababu ya mpiga picha.

"Pole sana, mama. Wasomaji wetu wangependa kushiriki uchungu wako."

"Kaa," Namweru akasema.

Akakaa, na kikapu chake cha sukari.

"Nilimkohoza mwanangu kwa neno lako. Hilo nitalala nalo mpaka nife, si mzigo wako. Wako ni huu: ulikunywa, ukasema hukunywa. Sikusamehe, Festo. Usinibembeleze." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayempangia mtu mihogo. "Andika hivi. Kiheri binti Namweru alikuwa na tundu moyoni. Daktari alikuwepo, kitanda kilikuwepo, katikati barabara moja. Andika jina lake, watu wa mjini walisome. Sitaki kingine kwako. Kikapu ondoka nacho."

Festo akaandika yote, neno kwa neno. Machozi yalimlengalenga, na mimi sitamnyima haki yake, yalikuwa machozi ya kweli. Alipoinuka akasema kwa kilugha, polepole, "Nitaliandika, mama."

Gazeti likafika siku ya tatu. Sabuwa akalikunjua, majirani wakasogea. Ukurasa wa mbele alikuwapo Namweru kwenye jamvi, kichwa chini, na maandishi manene: MAMA AISHUKURU SERIKALI. "Homa ilipomchukua mwanangu," Sabuwa akasoma, "ndipo nilipoona kumbe tunapendwa." Kulikuwa na nambari ya simu ya kutuma michango ya nguo. Inasemekana mji mkuu mzima ulilia juu ya chai, na sioni kwa nini nisiamini, watu wa Nchi Hiyo wana roho nzuri.

Majirani wakaanza kulaani, mmoja akataka gazeti lichomwe. Namweru akainua mkono.

"Anza tena," akasema. "Polepole. Umesoma haraka, labda jina la mtoto limekupita."

Sabuwa akaanza tena. Akasoma kila mstari kwa kidole, akageuza ukurasa, akasoma mpaka mwisho wa habari, na ilipokwisha akaendelea, akasoma na tangazo la magodoro lililokuwa chini yake. Jina halikuwamo.